Karatasi Zisizo na Kichwa

Kazi yangu ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao vya baraza la manispaa. Ukimsikia mtu analalamika kwamba mji wetu hauendi mbele, mwambie akasome kumbukumbu zangu. Humo ndani mji unakimbia. Diwani akisinzia, niliandika "alitafakari." Wawili wakitukanana mpaka glasi za maji zikamwagika, niliandika "baada ya majadiliano ya kina." Kwa miaka kumi na tisa nilipokea uchafu upande huu nikatoa Kiswahili safi upande wa pili, kama mama yangu anavyopokea mashuka ya watu. Tofauti yetu ni kwamba mashuka yake yalikuwa yanatakata kweli.

Mama ni dobi. Nyuma ya soko, ukishuka ngazi kumi na moja kutoka barabarani, kuna makaro kumi na mawili ya saruji, sita huku na sita kule, bomba katikati na mfereji wa maji machafu chini yake. Karo la tatu kutoka bombani ni la Mama. Halina hati wala namba, lakini jaribu kuweka beseni lako pale uone. Amefulia hapo miaka thelathini na minne, na kwa karo hilo nimekula, nimevaa viatu, nimepelekwa chuo cha ukarani nikajifunza kuchapa kwa vidole kumi. Vya kwake kumi vimekunjamana kwenye ncha hata siku ambayo hajashika maji.

Sasa nije kwa mheshimiwa diwani wa kata yetu. Jina lake lipo, limechongwa kwenye vibao vya kutosha, halihitaji msaada wangu. Sisi tunamwita Utepe, kwa sababu hutembea na mkasi wake mwenyewe kwenye mfuko wa koti. Alizindua bomba la sokoni. Akazindua ukarabati wa bomba lile lile. Bomba lilipokauka akaja kuzindua kamati ya kuchunguza kwa nini limekauka. Mtu akifungua kibanda cha kunyolea nywele katani kwetu hukifungua kimyakimya, maana Utepe akisikia kuna mlango mpya lazima autafutie kamba ya kukata.

Mwaka jana alikwenda ziara ya mafunzo. Alijifunza nini sijui, ila alirudi na picha ya bustani: viti vya chuma, nyasi zilizonyolewa, na lango la tao lenye jina la mtu juu yake. Hilo tao ndilo lililomnyima usingizi. Akazunguka kata nzima akitafuta pa kuliweka, akaona hapana panapofaa isipokuwa pale nyuma ya soko. Pana maji, pana mfereji, tena panaonekana vizuri kutoka barabarani. Kwamba palikuwa na wanawake ishirini na kitu wanaotafuta riziki, hilo aliliita "changamoto ndogo ya mandhari."

Kulikuwa na kizuizi kimoja. Sheria ndogo za manispaa yetu zinakataza kubadilisha matumizi ya eneo la umma mpaka wanaolitumia waombe wenyewe, kwa maandishi na kwa saini zao. Utepe akaitisha mkutano katika ukumbi wa kata. Ajenda ilikuwa moja, usafi na afya, na nani anaweza kukataa usafi na afya?

Siku mbili kabla ya mkutano mkurugenzi aliniita ofisini kwake. Ni bwana mtaratibu, anaongea kwa sauti ya chini kama yuko wodini, na hajawahi kumwagiza mtu jambo baya. Huagiza nusu yake, nusu nyingine unaimalizia mwenyewe. Aliniambia nichape karatasi za mahudhurio, jedwali tupu, namba, jina na saini. "Kichwa usiweke," alisema. "Kichwa tutaweka baadaye."

Hapa nisijisafishe. Nina miaka kumi na tisa kazini. Najua karatasi ya mahudhurio huandikwa MAHUDHURIO juu, kwa herufi kubwa, na najua karatasi isiyo na kichwa inasubiri kuvishwa kichwa cha mtu mwingine. Nilijua, nikajifanya sijui, nikachapa nakala nne. Nikajiambia labda wanataka kubana wino.

Ukumbi ulijaa, kwani kulikuwa na soda na biskuti, na utaratibu ulikuwa kwamba asiyesaini hapati. Nilianza mstari wa mbele, na mstari wa mbele alikuwa Mama, kavaa kitenge chake cha kwendea mikutanoni, pochi mapajani, miwani ndani ya pochi.

"Ya nini hii?" aliniuliza.

"Mahudhurio, Mama."

"Haya," akasema, akaweka saini yake kwenye namba moja. Miwani hakuitoa. Ya nini, wakati kalamu kapewa na mwanawe wa kumzaa?

Utepe aliongea saa nzima kuhusu mbu. Hakutaja bustani hata mara moja, na makaro hakuyagusa. Nilihesabu saini sitini na tatu, nikazifunga na kibanio, nikazipeleka kwa mkurugenzi, naye akanishukuru kwa sauti ya wodini.

Wiki tatu baadaye faili lilirudi mezani kwangu ili nilipange kwa kikao cha baraza. Karatasi zangu nne zilikuwa zimepata kichwa, tena kichwa kikubwa, ukurasa mzima. "Sisi wakazi na watumiaji tuliosaini hapa chini, kwa hiari yetu na bila kushurutishwa na mtu, tunaomba makaro ya kufulia yaliyo nyuma ya soko yaondolewe ili kupisha Bustani ya Mapumziko." Chini yake, namba moja, mwombaji wa kwanza kabisa wa kuvunjiwa karo la mama yangu alikuwa mama yangu.

Nilikwenda kwa mkurugenzi. Aliniomba nifunge mlango, kisha akaniambia kwamba saini ni saini, na kwamba watumishi wenye miaka mingi kama mimi wanajua thamani ya utulivu. Nilimfuata Utepe kwenye maegesho ya madiwani, yale ya ndani ya uzio, anapoegesha gari lake hatua tano kutoka mlangoni, chini ya paa pekee lililopo. Alinipongeza. Alisema mama yangu ni mzalendo, ametanguliza kata mbele ya tumbo lake, na kwamba siku ya uzinduzi angemwekea kiti.

Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa makaro kesho yake, pamoja na nakala ya majina. Mimi sikuwapo, ila niliambiwa na Bi Povu, jirani wa Mama wa karo la nne, ambaye ulimi wake hauhitaji sabuni. Alisema Mama aliweka chini shuka alilokuwa anakamua, akafuta mikono, akatoa miwani kwenye pochi, akasoma tangazo lote mpaka tarehe. Wenzake walikuwa wameshaona jina lake juu kabisa na walikuwa wanamtazama. Bi Povu ndiye aliyewageuzia kibao: alisema wamwache mama wa watu, kikulacho ki nguoni mwako, waulize nani alipitisha karatasi.

Jioni ile nilimkuta Mama anapiga pasi. Nilikaa kwenye kiti cha karibu na mlango, kama mgeni. Alimaliza shati zima, akalitundika, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

"Uliniambia mahudhurio," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi."

Afadhali angenitukana, matusi nimeyazoea, nimeyaandika miaka yote. Alichukua shati jingine, na mimi nikaona aibu.

Wanawake walikwenda manispaa kulalamika, na wakapokewa vizuri sana. Mwanasheria wa halmashauri aliwapa viti, akawasomea saini zao moja moja, akawauliza kama kuna yeyote aliyelazimishwa kushika kalamu. Hakuna aliyelazimishwa. Basi, akasema, mtu mzima hukubali alichokisaini, na asiyesoma kabla asome baada. Bi Povu alimjibu jambo ambalo hata mimi na ujuzi wangu nisingeweza kulifua, wakatolewa nje.

Nilikuwa na siku tisa kabla ya kikao. Siku saba nilizitumia kujionea huruma. Siku ya nane nilikuwa natayarisha karatasi za mahudhurio za madiwani, mkono ukienda wenyewe kuandika kichwa, na nikasimama hapo hapo. Madiwani wetu husaini mlangoni, kwani asiyesaini posho haimfuati. Hawasomi. Wanaingia wanaongea na simu, kalamu wanaishika kama wanavyoshika kitasa, wanatia saini na kupita. Kwa miaka kumi na tisa hakuna hata mmoja aliyewahi kuangalia juu ya jedwali kuna nini.

Nikachapa jedwali tupu. Namba, jina, saini. Kichwa nikakiacha niweke baadaye.

Siku ya kikao, saa tatu asubuhi, nilisimama mlangoni na ubao wangu wa kuandikia. Walisaini wote thelathini na mmoja. Utepe alikuwa wa pili, koti jipya, mkasi umechomoza mfukoni. Aliniuliza Mama hajambo. Nikasema hajambo, yuko ndani. Na kweli alikuwa ndani, kwenye benchi la nyuma la wananchi, pamoja na Bi Povu na wenzao kumi na tano, wote wamevaa nguo zilizonyooka kuliko suti zote za ukumbi ule. Wananchi huruhusiwa kusikiliza ila hawaruhusiwi kusema. Mama hakunitazama.

Mstahiki Meya alifungua kikao kwa hotuba, na hotuba za meya wetu zina nafasi ya kutosha mtu kujifungua na kurudi kazini. Mimi nilihitaji dakika moja tu. Nilitoa ukurasa niliokuwa nimeuchapa jana yake, nikauweka juu ya karatasi za mlangoni, nikapiga pini. Maneno sikutunga, niliyakopi kwao, nikabadilisha mahali tu.

Ilipofika ajenda ya tatu, kupokea maombi kuhusu Bustani ya Mapumziko, Meya akaniambia nisome. Nikamwambia maombi yako mawili, Mstahiki, naomba nianze na lililosainiwa na watu wakubwa.

Nikasoma. "Sisi madiwani tuliosaini hapa chini, kwa hiari yetu na bila kushurutishwa na mtu, tunaomba maegesho yetu yaliyo ndani ya uzio yaondolewe, pamoja na paa lake, ili kupisha Bustani ya Mapumziko." Kisha nikaanza kusoma majina, taratibu, na namba zake. Nilipofika namba mbili Utepe alikuwa ameshasimama.

Yaliyofuata ningeweza kuyaandika "baada ya majadiliano ya kina," lakini siku hiyo nilikuwa sina sabuni. Mmoja alipiga meza. Mwingine alidai saini si yake, akaletewa karatasi, akaitambua, akakaa. Mzee wa kata ya juu, ambaye hajazungumza tangu achaguliwe, alizungumza, na alichosema ni kwamba gari lake haliwezi kulala barabarani. Mkasi wa Utepe ulianguka sakafuni na hakuna aliyeuokota. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

"Mstahiki Meya," Utepe alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa haki, "tumesaini mahudhurio pale mlangoni. Mahudhurio! Saini ya mahudhurio haiwezi kugeuzwa kuwa saini ya ridhaa. Hilo hata mtoto mdogo analijua. Naomba baraza liazimie hivyo, leo, sasa hivi, jambo hili lisirudiwe kwa mtu yeyote."

Waliomuunga mkono walikuwa thelathini. Meya, ambaye gari lake pia liko chini ya paa lile, hakungoja mjadala. Waliokubali waseme ndiyo. Ndiyo ile ilitikisa madirisha.

Kanuni zetu zina mambo mawili mazuri. Kwanza, karani lazima asome azimio kwa sauti kabla ya kwenda ajenda nyingine. Pili, azimio likishapita halitenguliwi mpaka ipite miezi sita. Kanuni hiyo aliileta Utepe mwenyewe, miaka ya nyuma, kulinda choo fulani. Basi nilisimama, nikasoma: saini ya mahudhurio si saini ya ridhaa, kwa mtu yeyote, imepitishwa kwa kauli moja. Nikasema naomba sasa nisome ombi la pili, la wakazi.

Waheshimiwa si wajinga. Ni wavivu tu, na mvivu huamka ukimgusia gari lake. Waliliona shimo lote, na walikuwa wameshaingia nusu.

Aliyejaribu kuwatoa ni mwanasheria. Alisimama, akakohoa, akasema azimio ni zuri, lakini halihusu karatasi za wakazi, kwa sababu hakuna ushahidi kwamba zilikuwa za mahudhurio. "Hazina kichwa cha mahudhurio," alisema. "Zina kichwa cha maombi. Sisi tunaona kilichoandikwa."

Mkurugenzi alinigeukia. Hakusema kitu, lakini nilimsikia vizuri, miaka kumi na tisa nimemsikia: utulivu. Nyumba ninayokaa ni ya manispaa. Nilitazama benchi la nyuma, na kwa mara ya kwanza siku ile Mama alikuwa ananitazama, mikono yake imelala juu ya pochi.

"Karatasi zile nilizichapa mimi," nikasema. "Niliambiwa nisiweke kichwa, nikakubali, na nilijua si vizuri. Nilizipitisha mimi. Kila aliyeniuliza nilimwambia ni mahudhurio. Wa kwanza kumwambia hivyo alikuwa mama yangu."

Meya alitazama dirishani, kule maegesho, kisha akasema ombi la wakazi limekosa sifa na liondolewe. Bi Povu alipiga kigelegele kimoja, askari akamwonya, akaomba radhi kwa adabu ambayo sikujua kama anayo. Nikakaa, nikaandika maneno yangu mwenyewe kwenye kumbukumbu jinsi nilivyoyasema, bila kuyafua.

Makaro yapo. Utepe hakulala njaa: wiki iliyofuata alishuka ngazi zile kumi na moja na mpiga picha, akafunga utepe kutoka karo la kwanza hadi la sita, akazindua makaro ambayo mama yangu amefulia nguo humo miaka thelathini na minne. Katika hotuba yake alisema ni yeye aliyesimama barazani kupinga saini za hila, na kibaya zaidi ni kwamba kumbukumbu zinamuunga mkono. Utepe wenyewe Bi Povu aliuchukua, sasa anafungia nao mfuko wa vibanio.

Mimi nilipata barua ya uhamisho kwenda masjala ya zamani, chumba cha chini ya ngazi chenye mafaili ambayo hata panya wameyachoka. Mshahara ni ule ule. Nyumba natakiwa niiachie mwisho wa mwezi. Nakiri barua ilikuwa imeandikwa vizuri, na ilikuwa na kichwa.

Jumamosi moja Mama alinitumia salamu kupitia kwa Bi Povu, kwamba wanawake wanataka kusajili umoja wao, ili wakija tena watu wa bustani wakute mlango una mwenyewe. Wanataka mtu wa kuwachapia fomu. Nikachapa. Juu kabisa niliandika kwa herufi kubwa, nikapigia mistari miwili chini: FOMU YA UANACHAMA, UMOJA WA WAFUA NGUO WA NYUMA YA SOKO. Nikashuka nayo ngazi, kama nakwenda kwenye usaili.

Mama alikuwa kwenye karo lake, povu mpaka viwikoni. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza kama nimekula. Nikamwonyesha fomu, nikamwambia ni ya uanachama, namba moja nimemwachia yeye. Nikampa kalamu.

Hakuipokea. "Ngoja kwanza mwanangu, nivae miwani," akasema.

Akasuuza mikono, akaifuta kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Akafungua pochi. Akasoma kichwa, akasoma masharti, akasoma mpaka maneno madogo ya chini niliyoweka ili ukurasa ujae. Wenzake waliacha kusugua. Kisha akaigeuza karatasi akaangalia na nyuma, ambako hapakuwa na kitu, akapaangalia muda mrefu tu.

Mimi nilisimama pale nimeshika kalamu, nikasubiri amalize.